Gunia la Kija na Namba 413

Mama Rebeka aliingiza mkono ndani ya gunia, akachota mchele, akaunusa. Kisha akatafuna punje chache na kuzitema chini.

"Huu si wangu," alisema.

Nikamwambia asome stika. Stika ya gunia ilisema 413, na risiti aliyoshika mkononi ilisema 413.

"Stika siwezi kuipika, Yakobo. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Mpunga aliotuletea ulikuwa wa kunukia, wa kunukia kweli, hata wabebaji waliusifu wakati wanaushusha. Mchele uliokuwa mkononi mwangu ulinukia kwa mbali, kama chakula kinachopikwa kwa jirani. Ndani yake kulikuwa na punje fupi, nene, nyeupe kama chaki. Punje zile nazijua. Ni za mpunga wa Kija, mwanamke wa kikundi kimoja na Mama Rebeka, ambaye shamba lake liko bondeni.

Nilijua palepale kilichotokea, ila sikujua kimetokeaje. Mpunga wa watu wawili umekobolewa pamoja. Na mchele ukishachanganyika, hakuna mashine ya kuutenganisha.

Jina la Mama Rebeka ni Bernadeta, lakini hakuna anayemwita hivyo. Ni kiongozi wa kikundi cha wanawake wa Misungwi wanaokuja kwetu na fuso lao. Mchele ule alikuwa ameulimia harusi ya binti yake, Rebeka, na alikuwa ameshawaambia watu wa Rebeka, watu wa bwana harusi, na nusu ya kanisa, kwamba siku hiyo watakula wali ambao mtu akipita barabarani atauliza nani anapika.

Mimi ni msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Buhongwa, barabara ya Shinyanga. Shule niliacha darasa la tano na sina haja ya kulizungukazunguka jambo hilo. Mashine naijua kwa sikio. Kompyuta naijua kwa kuiona tu. Lakini kazi yetu inavyokwenda ninaweza kuieleza. Magunia yakishushwa yanapimwa kwenye mizani mbili. Kwenye ya kwanza anakaa karani Obedi, kwenye ya pili karani Modesta. Karani anaandika jina na uzito, anabonyeza, kompyuta ya ofisini inaandikisha mzigo na kuupa namba, na printa ya karani inatoa risiti pamoja na stika za kubandika kwenye magunia. Kuanzia hapo hakuna anayetazama jina. Fuso moja linaweza kuwa na akina Kija watatu, kwa hiyo majina tuliyaacha. Mkobozi anatazama namba. Magunia yenye namba inayofanana yanamwagwa pamoja kwenye mdomo wa mashine, basi.

Nikaenda kwenye magunia ya Kija, ambaye alikuwa bado hajaja kuyachukua. Nayo yalikuwa na stika ya 413.

Ubaya ulikuwa hapo. Kija alipimiwa kwenye mizani ya Modesta, na Kija ni shangazi yake Modesta. Halikuwa siri, maana kila fuso likija wanasalimiana kwa kupiga magoti na kupeana karanga.

Mama Rebeka hakuhitaji kusaidiwa kufikiri. Alikwenda mpaka mbele ya mizani ya pili, watu wote wakiwa wamepanga foleni, akasema kwa sauti yake ya kikao, "Huyu ni mwizi. Amempa shangazi yake namba yangu ili mchele mzuri umtoe aibu yule mwenye mchele wa kuku."

Modesta aliinua macho. "Mama, mimi nimebonyeza mara moja tu."

"Mara moja imetosha."

Mwenye mashine, mzee Ndalahwa, akatoka ofisini. Ni mtu mpole, ila kompyuta anaiamini kupita kiasi kwa sababu aliinunua yeye. Akampigia simu Hellen, binti aliyetutengenezea mfumo, mwenye ofisi yake Mkolani. Hellen akaja kwa pikipiki, akanipa shikamoo huku anavua kofia ngumu, akaingia moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Kwenye jedwali kila mtu ana mstari wake na namba yake," alisema. "Kija ni 412. Mama Rebeka ni 413. Hakuna namba iliyojirudia, na haiwezi kujirudia. Jedwali lenyewe ndilo linalotoa namba, na likishaitoa haliitoi tena."

"Sasa stika ya Kija imepataje 413?" Ndalahwa akauliza.

Hellen akaelekeza kidole pembeni ya kioo. "Kuna kitufe cha kuchapa tena stika," alisema. "Niliweka kwa ajili ya stika inapochanika. Mtu anaweza kuandika namba yoyote pale, na hakiachi kumbukumbu."

Hakusema Modesta amekitumia. Lakini watu hawakusubiri aseme.

"Jumanne fuso la kina mama likija, nisikukute," Ndalahwa alimwambia Modesta. "Ufunguo wa chumba cha mizani yako mpe Yakobo."

Modesta ana umri wa binti yangu wa pili na ulimi wa mama mkwe. Alisimama, akaushika ule ufunguo uliokuwa shingoni kwa uzi, akaurudisha ndani ya blauzi.

"Siutoi," alisema. "Mnasema nimefanya. Basi mtu anionyeshe nilivyofanya. Anionyeshe kidole kilipopita. Siku hiyo nitautoa na kuomba radhi kwa magoti."

Niseme ukweli, Modesta simpendi sana. Anachelewa, anajibu, na siku moja aliwaambia wabebaji kwamba napiga kelele kwa sababu mashine imeniua masikio, jambo ambalo ni kweli na ndiyo maana liliniudhi. Lakini siku ile ya kupima nilikuwa nimesimama pembeni yake. Mdomo wa gunia la Kija ulikuwa umefumuka, na Modesta alikuwa ameukamata kwa mkono wa kushoto mpunga usimwagike. Alibonyeza kwa kidole kimoja cha kulia. Kutafuta kitufe kingine, kuandika namba ya mtu wa mizani ya jirani, halafu kuchapa upya, kwa mkono mmoja, hilo sikuliona. Na kama halikufanyika, basi lililofanyika bado lipo pale kwenye mizani, na fuso lijalo litamtokea mwingine.

"Mzee," nikamwambia Ndalahwa, "kabla hajaondoka, tupime tena. Jumapili mashine imezimwa, hakuna mteja. Tupime mpaka ijitokeze."

"Ijitokeze nini?"

"Sijui. Ndiyo maana tupime."

"Na isipojitokeza?"

"Ufunguo nitauchukua mimi mwenyewe."

Mama Rebeka akasema na yeye atakuja. "Nataka nione mnavyomficha."

Jumapili alikuja kweli, ametoka kanisani na kitenge chake cha sare ya kwaya, akakaa kwenye benchi la wateja kama hakimu. Ndalahwa alikaa mlangoni pa ofisi, na meza mbele yake. Hellen aliweka kompyuta yake ya mkononi juu ya gunia la pumba. Obedi na Modesta wakakaa kila mtu kwenye mizani yake, na mimi nikawa mbebaji, nahamisha gunia jingine la pumba, lilelile moja, kutoka mizani hii kwenda ile.

Obedi anabonyeza, inatoka namba yake. Modesta anabonyeza, inatoka nyingine. Hellen anatazama jedwali, anasema sawa. Tunarudia. Sawa. Tukabadilisha majina, sawa. Tukaandika Kija kote kuwili, sawa.

Mimi nilikuwa na wazo langu, na wazo langu lilikuwa printa. Printa ya Modesta ni nzee, inakwama, nikasema huenda inameza stika ya mtu na kuitapika baadaye. Hellen alisema printa haina pa kuificha namba ya mizani nyingine. Nikamwambia hata jenereta haina akili lakini inajua siku ya kugoma. Tukazibadilisha printa, ya Obedi kwa Modesta na ya Modesta kwa Obedi. Tukapima. Sawa. Nikazirudisha kwa hasira, na mgongo ulikuwa umeanza kunidai.

"Yakobo," Ndalahwa aliita, "inatosha."

"Haijatosha."

"Umepima gunia la pumba mpaka limekonda."

"Bado, mzee."

Modesta alifanya alichoagizwa. Alikuwa anabonyeza na kungoja, anabonyeza na kungoja, uso umekaza. Aliyetusimamisha ni Mama Rebeka. Alikuwa ameanza kujigeuza kwenye benchi muda mrefu, kama mtu anayemtazama mwenzake akipika vibaya.

"Hivi ndivyo mnavyopima?" aliuliza.

"Ndivyo, mama," alisema Obedi.

"Wewe unabonyeza, unajinyoosha, unakunywa maji, ndipo mwenzako anabonyeza. Kikundi changu hakijawahi kupimwa hivyo. Nani kawapa ruhusa ya kutanguliana?"

Hapa inabidi nieleze. Wateja wengine wanapanga foleni na kila mtu anapimiwa zamu yake inapofika. Kikundi cha Mama Rebeka hapana. Miaka ya nyuma wanawake wawili wa kikundi hicho walishikana hapa kwetu, mmoja akang'olewa kilemba, kisa nani aliyetangulia kupimiwa. Tangu siku hiyo Mama Rebeka aliweka sheria. Wanakuja wawiliwawili, mmoja kila mizani. Makarani wanaandika, wanaweka kidole tayari, wanamtazama yeye. Yeye akipiga makofi, wote wawili wanabonyeza. Kwao hakuna wa kwanza wala wa pili. Sisi tulishazoea, tukawa hatulioni tena.

"Mama, leo ni majaribio tu," Obedi alimwambia. "Gunia lenyewe la pumba."

"Hata lingekuwa la mchanga. Mnataka kujua siku ile ilikuwaje, na siku ile mkono wangu ndio ulioanza. Sasa mnajaribu nini?"

Alisimama, akaja katikati ya mizani mbili, akakunja kitenge kiunoni. "Andikeni. Vidole tayari. Nitazameni."

Akapiga makofi.

Printa zote mbili zikalia kwa pamoja. Obedi akachana stika yake, akaisoma. "Mia tano thelathini na moja."

Modesta hakusoma yake. Aliichana, akainuka, akaenda kuiweka mezani kwa Ndalahwa, akarudi kuchukua ya Obedi, akaiweka pembeni yake. Halafu akainua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, akakaa hivyo.

Ilikuwa 531 na 531.

Mama Rebeka akaziinua zile stika, akazigeuza, akazirudisha.

"Rudia," alisema. Alikwenda kusimama nyuma kabisa ya Modesta, kidevu kikikaribia kugusa bega lake, akapiga makofi sikioni kwake. Zikatoka namba tofauti. Akarudia, zikatoka tofauti. Akarudia tena, zikatoka zinazofanana. Na macho yake yalikuwa juu ya mikono ya Modesta wakati wote.

"Msiguse kitu chochote," alisema Hellen.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia la pumba, anasoma kwenye kioo maandishi ya mfumo aliyoyaandika mwenyewe, midomo inacheza. Alisoma sehemu moja, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la pumba, na suruali yake ya Jumapili.

"Ni mimi," alisema.

Ndalahwa akainuka. "Wewe vipi?"

"Mzee, karani akibonyeza, kuna mambo mawili yanafanyika. La kwanza, mfumo unaingiza mstari kwenye jedwali, na jedwali linaupa namba. Hilo liko sawa. La pili, mfumo unatakiwa kumrudishia karani namba ya ule mstari wake. Hapo niliandika vibaya. Niliandika, niambie namba ya mwisho iliyoko kwenye jedwali. Nilidhani ya mwisho lazima itakuwa ya huyo aliyeingiza sasa hivi."

"Na si yake?"

"Akiwa peke yake ni yake. Lakini Mama Rebeka akipiga makofi, Modesta anaingiza Kija, anapewa 412. Kabla hajauliza, Obedi naye ameshaingiza, amepewa 413. Sasa wote wanauliza, ya mwisho ni ipi? Wote wanajibiwa 413."

Nikafikiri. "Kwa hiyo Kija alikuwa na namba yake mle ndani tangu mwanzo."

"Alikuwa nayo. Hakuna aliyempa."

"Na jedwali linajua kila mtu limempa ipi."

"Linajua."

"Mbona halikusema palepale linapoitoa?"

Hellen akapangusa macho kwa mkono wenye pumba, akazidi kuyaharibu. "Linaweza kusema. Mimi ndiye sikuliuliza hivyo."

Mama Rebeka alikuwa bado amesimama nyuma ya Modesta. "Kwa hiyo ni makofi yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo.

"Hapana, mama. Makofi yako hayana kosa. Maandishi yangu ndiyo hayakujua kuwa kuna watu wawili."

Ndalahwa alitaka kujua kama itachukua wiki. Hellen akasema itachukua muda wa kumletea maji ya kunywa tu. Alifuta yale maagizo mawili, akaandika moja. Alinisomea, na nililielewa, ndiyo maana nalikumbuka. Ingiza mstari huu, na papo hapo unirudishie namba uliyoupa mstari huu. Si ya mwisho. Ya mstari huu. Halafu akakiondoa kile kitufe cha kuchapa tena, akasema atakirudisha siku kitakapoandika jina la aliyekitumia.

"Haya, mama," nikamwambia Mama Rebeka. "Mikono."

Akapiga makofi. Tofauti. Akapiga tena. Tofauti. Alipiga kwa kushtukiza, alipiga akiwa amewapa mgongo, alipiga mara mbili haraka ili awanase, Obedi akaomba apewe nafasi ya kupumua. Tofauti. Viganja vikawa vyekundu, na bado alitaka kuendelea. Nami nikahisi kitu nisichokitegemea, nilimpenda kidogo yule mama. Alikuja kutafuta mwizi, na sasa alikuwa anautafuta ukweli kwa nguvu zilezile.

Katikati ya hapo Obedi aliukwaa waya kwa mguu, mizani yake ikazimika akiwa ndiyo anabonyeza. Tulipoiwasha, namba ikaruka. Kulikuwa na 548, kulikuwa na 550, hakuna 549.

Ndalahwa akaruka kama kaumwa na siafu. "Mnaona? Imepotea. Nani kaichukua?"

"Hakuna, mzee," alisema Hellen. "Jedwali liliitoa, umeme ukakatika kabla mstari haujakamilika. Namba ikishatoka hairudi kwenye foleni. Ingerudi, ndipo ungeogopa."

"Sipendi pengo."

Modesta akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Mzee, pengo halichanganyi mchele wa mtu."

Ndalahwa akamtazama, akacheka kidogo puani. "Haya. Jumanne uje kazini kama kawaida. Tuyaache."

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Sikumjua Modesta. Aliuvua ule ufunguo aliokataa kuutoa siku zote hizo, akauweka mezani kwa Ndalahwa, juu ya zile stika mbili.

"Sasa unautoa?" nikamuuliza. "Umeshinda, binti, unautoa?"

"Niliitwa mwizi foleni nzima ikisikia. Shangazi yangu tangu siku ile hajatoka ndani. Nyinyi mnataka nirudi kimyakimya Jumapili, mlango umefungwa, tuko watu sita. Wale wa foleni nani atawaambia? Nikikaa pale Jumanne, kila anayepima atafunika risiti yake kwa mkono." Hakupaza sauti. "Neno lilisemwa mbele ya mizani. Lirudishwe mbele ya mizani. Ndipo nitauchukua."

Akamwamkia Ndalahwa, akaniamkia mimi, akamwamkia na Mama Rebeka pia, magoti yamekunjwa kama inavyotakiwa. Akaondoka. Mama Rebeka aliitikia "marahaba" akitazama viganja vyake.

Jumanne fuso likaingia asubuhi na wanawake wake, magunia yake na kelele zake. Obedi alikuwa kwenye mizani ya kwanza. Mizani ya pili ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, maana Ndalahwa alisema nimtafute karani mwingine kama Modesta anajifanya mkubwa. Sikutafuta. Modesta alikuwa amesimama nje ya uzio, upande wa wauza mihogo, amevaa nguo za kazini. Hakuingia wala hakuondoka.

Mama Rebeka alishuka mbele, karibu na dereva. Nyuma yake akashuka Kija, mwanamke mwembamba, kitenge kimefunikwa mpaka kwenye nyusi. Nilisikia baadaye kwamba Mama Rebeka alikwenda mwenyewe nyumbani kwake alfajiri, akakaa mlangoni mpaka alipotoka.

"Yakobo, mbona mizani moja imefungwa?"

"Karani hayupo."

"Yupo. Namwona pale kwenye mihogo." Akageuka. "Modesta, njoo hapa."

Modesta akaja, si haraka. Foleni nzima ikageuka kumtazama, maana wengi wao walikuwepo siku ile. Mama Rebeka alimngoja afike, akasimama kati ya mizani mbili, pale anaposimamaga siku zote.

"Sikilizeni, kina mama. Siku ile hapa hapa nilimwita huyu mtoto mwizi. Si mwizi. Mashine ilimpa Kija namba yangu, na Kija naye hakujua. Nilisema uongo bila kujua ni uongo, lakini mdomo ulikuwa wangu." Akavuta pumzi. "Atakayelirudia lile neno, atafute fuso lingine la kupanda. Nimemaliza."

Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Na mchele wa harusi?"

"Watakula pilau. Viungo vitaficha."

Watu wakacheka, na Kija akacheka nao, akakisogeza kitenge nyuma hadi uso ukaonekana wote.

Nikatoa ufunguo mfukoni. Modesta akaupokea kwa mikono miwili, akauvaa shingoni, akafungua. Akawasha kompyuta, akapangusa mizani kwa kitambaa, polepole, kama mtu ambaye hakufukuzwa na mtu yeyote. Mama Rebeka akawaashiria wabebaji walete magunia yake mwenyewe kwenye mizani ya pili, na ya Kija kwa Obedi.

"Andikeni. Vidole tayari."

Akapiga makofi. Printa zikalia pamoja. Obedi akaisoma ya Kija. Modesta akachana yake, akaitazama, kisha akaisoma kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni, hata mimi mwenye masikio mabovu niliisikia vizuri, na haikuwa namba ya Kija.